Saratani ya Umio: Tusingoje Ukuta Ubomoke

Mgonjwa wa saratani ya umio aghalabu hufika hospitalini akiwa hawezi tena kumeza ugali, na pengine hata uji humshinda. Hapo ndipo jamaa zake husema kwamba ugonjwa umeanza. Mimi nashikilia kwamba siku hiyo ugonjwa huwa umekwisha kuvuka mpaka zamani, na ni mpaka huo ninaotaka tuutazame leo.

Umio, yaani njia inayoteremsha chakula kutoka kooni hadi tumboni, umetandikwa ndani kwa tabaka kadhaa za seli. Chini ya tabaka hizo pana utando usioonekana kwa jicho tupu, uliofumwa kwa protini kama vile kolajeni na laminini. Huo ndio utando wa msingi. Juu yake hakuna mshipa wa damu hata mmoja. Chini yake ndiko iliko mishipa ya damu na ya limfu, barabara za kuelekea kwingineko mwilini.

Saratani hii haizuki ghafla. Kwanza seli za juu hupoteza umbo na mpangilio wake, nazo huweza kukaa hivyo kwa miaka. Wataalamu wakiutia utando huo rangi na kuutazama kwa hadubini, katika umio wenye afya huuona kama mstari usiokatika. Seli zinapoanza kuharibika, mstari huo kwa kawaida ungalipo, ijapokuwa huweza kukonda au kuachana hapa na pale. Katika saratani kamili huwa umevunjika vipande vipande, kwa kuwa seli hizo hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha kolajeni. Zikishapenya, huweza kusafiri hadi kwenye tezi, ini na mapafu.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Kabla utando haujatobolewa, daktari aweza kuondoa au kuunguza sehemu iliyoharibika kwa kifaa kinachopitishwa kinywani, bila kupasua kifua. Ugonjwa ukishaenea, wengi husaidiwa tu kwa kuwekewa mrija wa kutanua umio, wapate kumeza katika siku zilizosalia.

Je, hali hiyo ya mapema yaweza kugunduliwa? Naam. Iodini hunyunyizwa ndani ya umio. Seli nzima hugeuka rangi ya kahawia, na zilizoharibika hazishiki rangi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wakazi 305 wa eneo la Bomet wasiokuwa na dalili yoyote walipimwa hivyo, na takriban 14 kati ya kila 100 wakapatikana na mabadiliko hayo. Huko Cixian, nchini China, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba katika muda wa miaka 10 saratani hii iliua watu 3.35 kwa kila 100 pale walipoalikwa kupimwa mara moja tu, ilhali pale wasipoalikwa iliua 5.05.

Wapo watakaosema kwamba vifaa ni ghali, na kwamba si kila mabadiliko huishia kuwa saratani. Ni kweli. Lakini sipendekezi kila Mkenya apimwe. Nasema tuanze na maeneo yanayojulikana kuathirika, kama Bomet na majirani zake, ambako hata vijana wasiotimiza miaka 30 wamepatwa na maradhi haya. Tangu mwaka 2013 hospitali nyingi za umma zimo mikononi mwa kaunti. Wakuu wa kaunti hizo hawana budi kununua vifaa, na zaidi ya hayo kuwafunza wauguzi na maafisa wa kliniki kuvitumia, kwani chombo bila fundi ni pambo.

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika maradhi haya onyo hilo ni dogo mno. Ukuta wa umio ukishabomoka, aghalabu hatupewi nafasi ya kuujenga upya.