Miaka 64 ya kumtafuta baba aliyezama na nyambizi

Mwishoni mwa Septemba 1942, familia moja ya Massachusetts, Marekani, ilipokea simu ya maandishi kutoka jeshi la majini. Baba wa nyumba hiyo, Mannert Lincoln Abele, aliyefahamika zaidi kama Jim, hajulikani alipo. Hapakuwa na mwili, kaburi wala maelezo ya kilichompata. Aliacha mke, Catherine, na wana watatu: Bruce mwenye miaka 12, Brad miaka 9 na John miaka 5.

Jim Abele alikuwa kamanda wa nyambizi ya kivita USS Grunion, iliyoanza kazi rasmi Aprili 11, 1942. Ikiwa safarini kupitia bahari ya Karibi, iliwaokoa watu 16 wa meli iliyozamishwa na nyambizi ya Wajerumani. Julai mwaka huohuo ilikuwa kwenye visiwa vya Aleutian, Alaska, ambako Wajapani walikuwa wamekiteka kisiwa cha Kiska. Taarifa yake ya mwisho ilisikika Julai 30. Baada ya hapo, kimya. Ndani yake walikuwamo watu 70.

Catherine aliwalea wanawe kwa kipato cha kufundisha fidla. Pia alikaa akaziandikia barua familia za mabaharia waliokuwa chini ya mumewe. Serikali ilimpa marehemu nishani ya juu ya jeshi la majini, na mwaka 1944 manowari moja ikapewa jina lake. Hata hivyo, heshima hizo hazikujibu swali la watoto: baba yuko wapi, na alikufaje?

Msiba usio na matanga

Mtaalamu wa familia wa Marekani, Pauline Boss, aliyefanya kazi na familia za wanajeshi waliopotea vitani Vietnam, aliupa jina msiba wa aina hii katika miaka ya 1970. Ni msiba usio na uhakika. Mtu hayupo, lakini hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba amekufa. Waliobaki hawajui waanze kuomboleza au waendelee kusubiri.

Kwa mujibu wa Boss, kukwama huko si udhaifu wa mtu wala upungufu wa imani. Kunatokana na hali yenyewe, kwa sababu taratibu zinazomsaidia mtu kupokea kifo, kama kuuona mwili, kuzika na kukaa matanga, hazikufanyika.

Hali hii haiko mbali na kwetu. MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria Mei 21, 1996, na MV Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi Septemba 2011, zipo familia ambazo hazikupata mwili wa kuzika.

Karatasi ya dola moja

Wana wa Abele walikua, wakasoma na kupata familia zao. John alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Boston Scientific mwaka 1979, inayotengeneza vifaa vya tiba, ikiwamo mirija myembamba inayomwezesha daktari kutibu kupitia mshipa wa damu badala ya upasuaji mkubwa. Swali la baba yao halikuisha.

Fununu ya kwanza ilitoka kusikotarajiwa. Mwaka 1998, ofisa mstaafu wa jeshi la anga alinunua kwa dola moja, katika duka la vitu vya kale mjini Denver, mchoro wa nyaya za umeme wa meli ya mizigo ya Kijapani, Kano Maru. Alipouliza mtandaoni kuhusu mchoro huo, alijibiwa na Yutaka Iwasaki, Mjapani anayefuatilia historia ya meli za vita. Iwasaki alileta makala ya ofisa aliyekuwa kwenye Kano Maru, akieleza jinsi walivyopambana na nyambizi karibu na Kiska asubuhi ya Julai 31, 1942.

Habari hizo zilipowafikia ndugu hao, walianza kukusanya kumbukumbu za pande zote mbili za vita, kisha wakagharamia msako wenyewe. Agosti 2006, meli ya uvuvi iliyokodiwa ilipima sakafu ya bahari kwa mawimbi ya sauti na kuona umbo refu katika kina cha karibu mita 1,000. Mwaka uliofuata, kamera za roboti zilileta picha za nyambizi. Oktoba 2008 jeshi la majini lilithibitisha kuwa ni Grunion. Sehemu yake ya mbele, iliyokuwa imekatika, ilipatikana baadaye.

Bruce, mtoto wa miaka 12 wakati ule, sasa alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 75.

Si baba yao peke yake

Ndugu hao hawakuishia kwa baba yao. Wanawake watatu ambao nao walipoteza ndugu kwenye Grunion walijitolea kuzitafuta familia za watu wote 70. Walipekua magazeti ya zamani, orodha za sensa na kumbukumbu za miji, wakapiga simu kwa watu wasiowajua, hadi familia zote zikapatikana. Oktoba 2008 jamaa walikusanyika Cleveland kwa ibada ya kumbukumbu, miaka 66 baada ya vifo hivyo.

Mzazi afanye nini?

Mtoto akiuliza kuhusu ndugu aliyepotea, mjibu ukweli kwa maneno ya umri wake. Kumwambia "amesafiri" humfanya asubiri kila mlango unapogongwa. Kama hamjui kilichotokea, sema hamjui, na mweleze mnachokifahamu: alikuwa nani, alipenda nini, mara ya mwisho alionekana wapi.

Usimlazimishe mtoto wala mtu mzima akubali kwamba yamekwisha. Familia inaweza kuomba dua, kufanya kumbukumbu na kuendelea na maisha huku swali likiwa bado wazi.

Tunzeni picha, barua, vyeti na namba za kazi. Waulizeni wazee wangali hai na andikeni majina kamili, miaka na mahali.

Mtoto akikosa usingizi, akikataa kula au akiporomoka shuleni kwa wiki kadhaa, mpelekeni kituo cha afya au kwa mshauri nasaha. Anayeanza kusema kuwa hataki kuishi apelekwe siku hiyohiyo.