Ukiugua safarini, usikimbilie kuendelea wala kurudi

Saa nne usiku simu yangu iliita. Alikuwa mama mmoja ninayemhudumia kliniki kwa shinikizo la damu. "Daktari, samahani kwa usiku huu. Mwanangu yuko Tabora, mwili unamchemka. Treni ya Kigoma ni kesho. Aendelee au arudi?"

Kijana huyo, mwanafunzi wa chuo, alikuwa ametoka Dar es Salaam siku nne kabla na wenzake wawili, kila mmoja na begi lake mgongoni. Walipanga kufika Kigoma, wapande boti hadi Gombe kuona sokwe. Walikuwa wamedunduliza fedha mwaka mzima.

Nakiri, jibu lililonijia kwanza ni "arudi". Mimi pia ni mama. Lakini kurudi kulimaanisha safari ndefu akiwa na homa, mbali na maabara na daktari. Kuendelea kulimaanisha vivyo hivyo. Nikasema, "Asipande chochote. Aende hospitali sasa hivi."

Nikazungumza na kijana mwenyewe. "Shikamoo daktari." "Marahaba mwanangu. Umemeza nini?" Alikuwa amemeza panadol na vidonge viwili vya dawa mseto alivyopewa na mwenzake. Hakutaka kuwachelewesha wenzake.

Hapo ndipo vijana wengi huponzeka. Panadol hushusha homa kwa saa chache, haiui vimelea. Dozi pungufu huwapunguza tu, kisha ugonjwa hurudi ukiwa mahali ambapo hakuna msaada.

Kipimo kilionyesha malaria. Mama alilaumu mbu wa Tabora, lakini baada ya mtu kuumwa na mbu mwenye vimelea, kwa kawaida huchukua siku saba au zaidi kabla ya homa kuanza. Kijana alitoka nyumbani na malaria yake. Chandarua cha nyumbani ni sehemu ya maandalizi ya safari.

Alianza dozi kamili: vidonge vinne kila mara, mara sita ndani ya siku tatu, baada ya chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Hiyo ni dozi ya mtu mwenye kilo 35 au zaidi. Mtoto hupewa kulingana na uzito wake. Ukitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi hiyo. Ukitapika tena, rudi hospitali.

Ikiwa tatizo ni kuharisha, changanya pakiti moja ya ORS na lita moja ya maji safi, unywe kidogo kidogo, na kilichobaki baada ya saa 24 ukimwage.

Usisubiri hata saa moja ukiona dalili hizi: kutapika kila kitu, kuchanganyikiwa, degedege, kupumua kwa shida, macho ya njano, mkojo mweusi, damu kwenye choo, au kushindwa kukaa mwenyewe.

Je, uendelee lini? Mimi hutumia maswali manne. Umemaliza dawa? Umepitisha siku nzima bila homa na bila panadol? Unakula na kukojoa kama kawaida? Unaweza kutembea nusu saa bila kizunguzungu? Jibu moja likiwa hapana, ongeza siku ya kupumzika.

Hata ukipona, punguza ratiba. Kijana wetu alilala Tabora siku tano. Mwenzake mmoja alibaki naye, mwingine alitangulia. Baadaye walifika Kigoma na Ujiji, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Gombe waliiacha, kwa kuwa vilima vyake ni vikali, hufikiwa kwa boti, na mwili wake ulikuwa bado dhaifu. Alisikitika, lakini alirudi mzima.

Wazazi, mtoto akisafiri, mpeni fedha ya siku tatu za kulala bila kwenda popote, pamoja na kadi ya bima. Mwambieni mapema kwamba hamtamgombeza akipiga simu kusema anaumwa. Kijana huyu alificha homa yake siku mbili kwa kuogopa kuambiwa, "Nilikukataza."

Na akirudi nyumbani, homa yoyote katika wiki zinazofuata ipimwe, na daktari aambiwe alikopita.