Mahagi-Port na Nchi Iliyo Nyuma Yake

Katika mkataba walioutia sahihi Waingereza na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji tarehe 12 Mei 1894 mlikuwamo sharti moja ambalo wasomaji wa historia aghalabu hulipita upesi, nalo ni kwamba Dola Huru ya Kongo ikodishiwe ukanda wa nchi wenye upana wa kilomita 25, uanzao kwenye mgongo wa vilima vinavyogawa maji ya Kongo na ya Naili, ukateremka hadi ufuko wa magharibi wa Ziwa Albert, pamoja na bandari ya Mahagi. Lado, nchi kubwa zaidi iliyokodishwa katika mkataba huo huo na kugombewa kwa kelele nyingi, ilirudishwa upande wa Sudani mwaka 1910 baada ya mfalme huyo kufariki. Mahagi ilisalia Kongo. Sharti hilo nalitaja kwa kuwa waliolitunga, ambao nia zao hazikuwa njema kwa wenyeji, walilifahamu vema jambo moja la iktisadi ambalo sisi tunaopanga miji leo twalisahau: hawakuomba ufuko peke yake, waliomba na njia ya kuufikia.

Mtaalamu akitaka kukadiria thamani ya bandari huanza kwa kuhesabu mapito, yaani kila mara shehena inaposhushwa kutoka chombo kimoja na kupakiwa kingine. Itazame boti ya mbao ikifika ufukoni kutoka ng'ambo ya Uganda, injini yake imenyanyuliwa isikwame mchangani, na wachukuzi wakiingia majini hadi kiunoni kulipokea gunia la chumvi begani: gunia hilo litalipiwa ujira wa kushushwa, litalipiwa ulinzi wa usiku mmoja au zaidi likingoja lori, litalipiwa ujira wa kupakiwa tena, na ndipo lianze kupanda ukuta wa bonde la ufa, takriban mita 1,000 kwenda juu hadi Mahagi mjini, katika barabara ambayo mvua ikinyesha hugeuka mfereji. Gharama ya pito ni ile ile, iwe safari iliyotangulia ni ya kilomita 30 au ya 1,000. Kwa hiyo safari fupi yenye mapito mengi yaweza kushindwa na safari ndefu isiyo na pito hata moja.

Enzi ya ukoloni ilitoa ushahidi wa kutosha. Mzigo uliotoka Mombasa uliletwa kwa reli hadi Kisumu, reli iliyofika huko mwaka 1901. Ukavushwa kwa meli hadi Jinja. Ukapandishwa reli ndogo ya Busoga, iliyofunguliwa mwaka 1912, hadi Namasagali. Ukaingia meli nyingine kulikata Ziwa Kyoga hadi Masindi Port. Ukachukuliwa kwa barabara hadi Butiaba. Na ndipo ukalivuka Ziwa Albert kwenda Mahagi-Port au Kasenyi. Ni nani awezaye kuzibeba gharama za mapito yote hayo? Dhahabu yaweza, maana kilo moja yake ni mali nyingi katika mfuko mdogo, na ndiyo sababu migodi ya Kilo na Moto, iliyoanza baada ya dhahabu kugunduliwa Ituri mwaka 1903, iliweza kustawi mbali na bahari kiasi kile. Kahawa ya arabika ya nyanda za juu yaweza kwa taabu. Muhogo hauwezi kabisa. Mjerumani von Thünen alikwisha kuibainisha kanuni hiyo mwaka 1826, kwamba gharama ya kufika sokoni ndiyo inayoamua shamba lipi lilimwe nini. Naye mkulima wa Kialur aliye juu ya ukingo wa ziwa anaijua pasipo kitabu, kila aonapo bei ya gunia lake ikimalizwa na nauli.

Kisha Mahagi-Port ikapatwa na msiba ambao haukutoka kwake. Mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zililiinua ziwa, gati za Butiaba zikafunikwa, meli Robert Coryndon iliyokuwa fahari ya maji hayo ikazama hapo hapo, na bandari ile haikurudia tena hali yake. Bandari ni kiungo cha mnyororo, na kiungo cha ng'ambo kikivunjika, hiki kilichosalia kizima hakina cha kukishika. Leo lori la Mombasa huingia kwa mpaka wa Goli na kuteremka hadi Bunia bila kushusha kitu, na ufukoni wamebaki zaidi wavuvi, wauzaji wa sangara waliokaushwa na dagaa, na wasafiri wa boti.

Hata hivyo hali ya ng'ambo inabadilika. Tangu mafuta yagunduliwe upande wa Uganda mwaka 2006, barabara za lami zimefikishwa hadi kandokando ya ziwa katika Hoima na Buliisa, na tangu mwaka 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tena barabara ya Bunia hadi Mahagi, ipitayo Djugu, imekatwa mara kwa mara na makundi ya silaha, na nchi yenye mlango mmoja tu hulipa kila mlango huo unapofungwa. Basi kwa nini njia ya ziwa haifufuliwi? Kwa sababu ajengaye gati hana faida bila barabara ya kupanda mlima, atengenezaye barabara hana shehena bila gati, atakaye boti kubwa hainunui kabla ya vyote viwili, na manufaa ya kila mmoja huangukia mikononi mwa wengine. Hapa soko, pamoja na werevu wake wote, hungoja. Na kazi ya upangaji wa mkoa ni kuwafunga watu hao katika ahadi moja yenye tarehe moja.

Rai yangu ni kwamba tusianze na gati, ingawa gati ndilo linalopendeza katika picha za uzinduzi. Tuanze na ardhi, maana ndiyo rahisi sasa na ndiyo itakayopanda bei siku tetesi za mradi zitakapoenea. Ziwa lilijaa miaka ya 1960 na likajaa tena mwaka 2020. Mstari wa maji hayo yaliyofika juu uchorwe, na chini yake pasijengwe ghala wala nyumba, pabaki pa kuanikia samaki, kutengenezea nyavu na kuvutia mitumbwi, kazi ambazo zaweza kuhama maji yanapopanda. Juu ya mstari huo viwanja vipimwe na wenye haki za kimila, ambao sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 iliwaacha katika utata, waandikwe kwanza kabla mgeni hajaandikwa. Ghala na maduka yakodishwe kwa muda, na kodi ikadiriwe upya kila baada ya miaka michache kadiri bandari inavyokua, kisha kodi hiyo iwekwe katika mfuko wa barabara ya kupanda mlima, itumike humo na si penginepo, kwa kuwa ni barabara hiyo itakayokuwa imeizalisha.