Umri Ulioandikwa Kwenye Faili

Ukiuliza vidonda vya tumbo ni ugonjwa wa nani, wengi watakujibu ni wa watu wazima wenye mawazo mengi. Kuhara ni kwa watoto, mawe ya nyongo ni ya wanawake, na ini huwaua wanaume wanywaji. Majibu hayo hayakuzuka tu. Ukipita wodini utaona yalikotokea. Lakini wodi huonyesha umri ambao mwili umeshindwa kuvumilia, na umri ambao ugonjwa uliingia unaweza kuwa nyuma yake kwa miaka 30 au 40. Tukichanganya umri huo na huu, tunaweka kinga mahali ambapo ugonjwa umekwisha kupita.

Tuanze na vidonda. Barry Marshall na Robin Warren, waliofanya kazi Perth, Australia, ndio walioonyesha katika miaka ya 1980 kwamba bakteria aitwaye Helicobacter pylori ni chanzo kikubwa cha vidonda, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Bakteria huyo kwa kawaida huingia tumboni utotoni, mara nyingi kabla ya miaka 10, palipo na msongamano na uhaba wa maji safi. Barani Afrika zaidi ya nusu ya watu wazima wanaye, wanawake karibu sawa na wanaume, na walio wengi hawatapata kidonda kamwe. Miongoni mwa vinavyosukuma wachache kuugua ni sigara na dawa za maumivu. Wanaume waliongoza kwa muda mrefu, na uvutaji wao una sehemu yake katika hilo. Kwa upande mwingine, bibi anayemeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya magoti anaweza kutapika damu siku moja bila kuwahi kulalamika tumbo, na hakuna nyumbani aliyemdhania.

Ushahidi ulio mzito zaidi uko kwenye ini. Mtoto mchanga akiambukizwa homa ya ini aina ya B, uwezekano wa virusi kubaki mwilini mwake unafikia asilimia 90. Mtu mzima akiambukizwa, hauzidi asilimia 5. Kwa hiyo mwanamume wa miaka 45 anayelazwa tumbo likiwa limejaa maji huenda alianza safari hiyo siku aliyozaliwa. Ndugu watasema pombe, na pombe huharakisha kweli, ila kwa wagonjwa wengi wa namna hii haikuwa ndiyo mwanzo.

Mtu anaweza kunipinga kwamba jinsia ni maumbile, si mazoea tu. Nakubali. Mawe ya nyongo huwapata zaidi wanawake walio katika umri wa kuzaa kwa sababu homoni ya estrojeni huongeza kolesteroli kwenye nyongo, na homoni nyingine ya ujauzito hulegeza kifuko chake kisijikamue vizuri. Hata hivyo, pengo hilo hupungua kadiri umri unavyosogea, na mwanaume mwenye maumivu makali chini ya mbavu za kulia hapaswi kuambiwa ni gesi kwa sababu ni mwanaume.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Hospitali ya Tenwek, Bomet, imeripoti wagonjwa wa saratani ya umio wasiofikisha miaka 30. Mtakwimu atasema Kenya ni nchi ya vijana: katika sensa ya 2019, watu watatu kati ya wanne walikuwa chini ya miaka 35, hivyo hata hatari ndogo huzaa vijana wengi wagonjwa. Hesabu hiyo ni sahihi, na hatari yenyewe bado hupanda kadiri mtu anavyozeeka. Lakini Ulaya kijana wa umri huo mwenye saratani hii ni nadra mno, na wingi wa vijana pekee hautoshi kueleza tofauti hiyo. Na hata ungetosha, kijana ambaye ugali unamkwama kifuani anahitaji kipimo cha kamera, wala si dawa za kiungulia mwezi baada ya mwezi.

Turudi kwenye kinga niliyoitaja mwanzoni. Kwa homa ya ini aina ya B, Shirika la Afya Duniani linashauri chanjo itolewe ndani ya saa 24 baada ya mtoto kuzaliwa. Chanjo ya pamoja iliyozoeleka Kenya na Tanzania huanza wiki ya sita. Mtoto aliyeambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa, chanjo hiyo humkuta virusi vimeshakaa.