Kutikisika kwa Usukani katika Land Rover za Zamani

Motakaa za Land Rover zilionyeshwa watu mara ya kwanza katika mji wa Amsterdam mwezi wa Aprili, mwaka 1948, na zile za umbo la kale ziliendelea kutengenezwa Uingereza mpaka Januari 2016. Kwa hiyo si ajabu kwamba nyingi zimo bado katika wilaya zetu, zikichukua dawa, mbegu, walimu na wagonjwa, na baadhi yake zina umri kuwapita madereva wao. Maradhi yake ni mengi, lakini nataka kueleza moja tu, nalo ni kutikisika kwa usukani, maana ndilo linalotisha kuliko yote, na tena ndilo linalotibiwa vibaya kuliko yote.

Dalili yake ni hii. Dereva anakwenda vizuri kwa mwendo wa kilometa 60 au 70 kwa saa katika barabara ya changarawe. Gurudumu moja linaangukia shimo dogo, na mara ile usukani unaanza kupiga kushoto na kulia mikononi mwake, gari zima linatetemeka, wala halitulii mpaka mwendo upungue sana. Jambo hili likikupata, shika usukani kwa imara, ondoa mguu katika mafuta, ukaliache gari lipunguze mwendo lenyewe. Usikanyage breki kwa ghafula, kwa sababu uzito wote utayaangukia magurudumu ya mbele, nayo tayari yamelewa.

Mimi si fundi, ni karani. Lakini katika afisi moja niliyofanya kazi niliandika daftari la matengenezo ya Land Rover kuukuu ya bodi ndefu, nikaona kitu kile kile kimenunuliwa mara tatu katika mwaka mmoja, nacho ni shokomzoba ya usukani, yaani kile kidude cha kupooza mishtuko. Kila kilipofungwa dereva alishukuru, na baada ya miezi miwili au mitatu mashtaka yakarudi. Mara ya tatu gari lilianza kutikisika karibu na daraja, na ndani yake mlikuwa na mama mja mzito. Mungu aliwaokoa. Nilimwendea fundi mmoja mzee nikamwonyesha daftari. Akacheka, akasema, "Bwana Karani, ninyi mmempa mgonjwa dawa ya usingizi mara tatu."

Alikuwa na haki. Shokomzoba haiondoi ulegevu, huuficha tu. Ekseli ya mbele ya magari haya ni chuma kimoja kizima kutoka gurudumu la kushoto mpaka la kulia, na magurudumu yote mawili yamefungwa pamoja kwa ufito. Basi moja likitikiswa, la pili hutikisika pia na kumrudishia mwenzake, na ikiwa viungo vimelegea hakuna cha kuwazuia. Shimo huanzisha tu; ulegevu ndio unaoendeleza.

Lakini kabla ya kulala chini ya gari, yafaa kupambanua. Kama usukani hutetemeka kwa mwendo fulani tu, tuseme kilometa 80, kisha hutulia ukizidisha au ukipunguza, shaka kubwa ni magurudumu yenyewe. Osha kwanza upande wa ndani wa ringi. Matope yaliyokauka pale kwa upande mmoja yatosha kabisa kulitetemesha gari, na nimepata kuona watu wakifungua nusu ya gari kwa ajili ya udongo wa kuondolewa kwa kijiti. Kisha tazama kama tairi ina uvimbe, kama ringi imepinda, na kama nati zimekazwa. Ukiyapeleka magurudumu ya mbele nyuma, na mtetemo ukahama kutoka mikononi kwenda kitini, umempata mwizi. Na kama hutetemeka wakati wa kufunga breki tu, tazama madramu au sahani za breki.

Ama ule mtikisiko mkubwa wa shimoni, huo hutafutwa kiungo kwa kiungo, na watu wawili wanatosha. Gari lisimame chini kwa magurudumu yake. Mmoja akae ndani auchezeshe usukani kidogo kidogo kushoto na kulia upesi upesi, na mwenzake alale chini, aweke mkono juu ya kila kiungo cha fito, kimoja baada ya kingine. Kiungo kizima hupokea mwendo na kuupeleka mbele papo hapo. Kibovu huchelewa, na mkono huona kabla ya jicho. Asisahau kutazama kama sanduku la usukani lenyewe linasogea juu ya chesisi, maana kutu hula hapo. Katika yale ya springi za mviringo, yaliyoanza mwaka 1983, upo pia ufito wa kukingama uitwao Panhard, unaozuia ekseli isiende upande. Mpira wake ukilika, bolti huonekana ikicheza ndani ya tundu. Kwa yale ya springi za pasi, tazama bushi zake na bolti zinazozifunga kwenye ekseli.

Sasa inua gurudumu moja kwa jeki, ukaliegemeze gari juu ya kigingi imara. Shika tairi juu na chini, uvute na kusukuma. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki ya mguu, kisha jaribu tena. Kama mchezo umekwisha, kosa ni beringi za gurudumu. Kama ungalipo, kosa ni kingipini, yaani zile pini mbili, ya juu na ya chini, ambazo gurudumu hugeukia kama mlango katika bawaba. Jaribio hili halina gharama hata senti moja, na ndilo lililotupa jibu letu. Pini ya chini upande wa kushoto ilikuwa imekwisha, kwa sababu maji ya mtoni yaliingia na mafuta yakatoka, wala hakuna aliyejali lile doa la mafuta nyuma ya gurudumu.

Kingipini hazitakiwi zigeuke kwa wepesi, bali kwa uzito kiasi, maana uzito huo ndio unaoua mtikisiko. Kati ya pini na nyumba yake mna vibati vyembamba, na kwa kuvipunguza fundi hukaza. Uzito hupimwa kwa kuvuta mkono wa usukani kwa mizani ya springi, fito zikiwa zimefunguliwa, na kipimo chake kimo katika kitabu cha kila gari. Lakini beringi iliyolika haikazwi, hubadilishwa.

Wako wanaoinua magari yao kwa springi ndefu ili yapendeze. Pini hizi zimeinama nyuma kwa digrii 3, kama uma wa baiskeli ulivyoinama, ili magurudumu yapende kwenda mbele. Ukiinua gari la springi za mviringo, ekseli huzunguka na mwinamo huo hupungua, nawe umejinunulia mtikisiko.

Baada ya kubadilisha viungo, pima uelekeo wa magurudumu ya mbele. Katika yale ya springi za pasi, nafasi ya mbele kati yao iwe ndogo kuliko ya nyuma kwa milimita 1.2 mpaka 2.4. Katika yale ya springi za mviringo ni kinyume, mbele iwe sawa na nyuma au izidi kwa milimita 2 tu. Kisha lijaribu gari pasipo shokomzoba ya usukani, polepole kwanza, katika barabara tupu. Likitulia hivyo, ndipo uirudishe.