Maikroservisi: Tuziiteje kwa Kiswahili?

Wanafunzi wanaosoma Kiswahili pamoja na kompyuta hutuuliza mara kwa mara maikroservisi zitafsiriwe vipi. Wengi hukimbilia "huduma ndogondogo", wachache "vihuduma". Kabla ya kuchagua istilahi, yafaa tuelewe dhana yenyewe.

Kwa desturi, programu kubwa iliundwa kama kitu kimoja: usajili, malipo, utafutaji na mengineyo yote yakatumia hifadhidata moja. Ukitaka kurekebisha malipo, huna budi kuitoa upya programu nzima. Aidha, sehemu moja ikiharibika, huenda zote zikasimama. Kampuni ya Netflix ya Marekani ilionja adha hiyo Agosti 2008, hifadhidata yake ilipoharibika na kwa siku tatu ikashindwa kuwapelekea wateja DVD. Ikaamua kuhamia kwenye mitambo ya kukodi ya Amazon, na katika kuhama huko ikaigawa programu yake kuwa mamia ya huduma. Kazi hiyo ilikamilika Januari 2016.

Katika muundo huu kila huduma ina msimbo wake na data yake, na huwasiliana na nyingine kwa kupelekeana ujumbe mtandaoni. James Lewis na Martin Fowler, walioueleza katika makala yao maarufu ya Machi 2014, walisisitiza kwamba kila huduma iweze kutolewa peke yake. Kwa hiyo "ndogondogo" inapotosha: huduma ya malipo yaweza kuwa na msimbo mrefu mno, ikabaki kuwa maikroservisi. "Vihuduma" ni baya zaidi, maana kiambishi vi- cha udogo mara nyingi hubeba dharau, ilhali "kihuduma" hicho cha malipo kikisimama, duka zima halipati hata senti. Mimi napendekeza "huduma zinazojitegemea". Ni refu, lakini halidanganyi.

Hata hivyo, kujitegemea kuna gharama. Mawasiliano ya mtandao huchelewa au hukatika, na kutafuta chanzo cha kosa kati ya huduma mia si lelemama. Mwaka 2023 wahandisi wa Prime Video, ya Amazon hiyo hiyo, walieleza jinsi walivyounganisha tena chombo chao cha kukagua ubora wa picha na sauti kuwa programu moja. Gharama zake zikapungua kwa zaidi ya asilimia 90. Basi mfasiri atahitaji pia jina la muundo ule wa zamani. Darasani kwetu tunatumia "programu ya kipande kimoja". Mwenye lililo bora atuletee kabla ya toleo lijalo.