Panga za Henzirani: Kijana Kabla ya Kuvaa Deraya

Mnamo tarehe 30 Juni 1559, mjini Paris, Mfalme Henry wa Pili wa Ufaransa aliingia uwanjani kushindana kwa mikuki juu ya farasi, mwili wote umefunikwa kwa deraya. Ilikuwa sherehe ya arusi ya bintiye. Waliokuwa karibu naye walimsihi apumzike, lakini kapteni wa walinzi wake, Gabriel de Montgomery, alikuwa amekwisha kumyumbisha juu ya tandiko, naye hakuridhia siku iishe hivyo. Akaamuru pambano lirudiwe. Mkuki wa Montgomery ulivunjika, na kibanzi cha mti kikapenya katika uwazi wa kofia ya chuma, kikamwingia karibu na jicho. Mfalme alifariki tarehe 10 Julai, akiwa na umri wa miaka 40.

Twaanza na kisa hicho kwa kuwa kina mambo mawili yanayomsumbua hadi leo kila mkufunzi wa mchezo wa deraya: uwazi mdogo katika kofia, na kiburi kikubwa katika kichwa kilichomo ndani yake. La kwanza hurekebishwa na mhunzi kwa nyundo. La pili ni kazi ngumu, hasa mvaaji akiwa kijana wa miaka 16.

Ndugu wasomaji huenda wakauliza ni nani avaaye deraya siku hizi. Mwaka 1966, huko Berkeley katika jimbo la California, Marekani, wapenzi wa historia walianzisha chama kiitwacho Society for Creative Anachronism. Nia yao ilikuwa kuyaishi tena maisha ya Ulaya ya kale: mavazi, mapishi, ngoma, na vita. Chama hicho kimeenea nchi nyingi, na mkutano wake mkubwa wa majira ya joto katika jimbo la Pennsylvania, ulioanza mwaka 1972, huweza kukusanya watu zaidi ya 10,000. Hapo vikosi vya mamia hukabiliana ngao kwa ngao.

Wala mapigo yao si ya kuigiza kama jukwaani. Upanga wao ni fimbo ya henzirani isiyopungua inchi moja na robo kwa unene, nayo hupigwa kwa nguvu. Henzirani haikuchaguliwa ovyo. Mti mkavu ukivunjika hutoa vibanzi vikali, na mfalme tuliyemtaja ni shahidi. Henzirani huchakaa nyuzi nyuzi kama kamba, na mwenyewe akaona mapema kwamba yafaa kutupwa. Kofia hutengenezwa kwa bamba la chuma la unene wa karibu milimita 1.6, yenye mto ndani na ukanda wa kidevu, na nafasi za usoni hazina budi kuwa nyembamba kiasi kwamba fimbo ya unene wa inchi moja haipiti. Shingo, figo, viwiko, mikono, kinena na magoti hukingwa. Ni marufuku kupiga gotini na chini yake, au kiganjani.

Hayo ni ya watu wazima. Watoto wana njia yao, iliyogawanywa kwa umri: miaka 6 hadi 9, 10 hadi 13, na 14 hadi 17. Silaha zao ni nyepesi, zimevikwa sponji, na nguvu ya pigo hupimwa kwa umri wa kundi. Mafunzo hayaendeshwi na mtu mzima mmoja peke yake. Hutakiwa wawili wasio wa jamaa moja. Askari polisi hatahitaji kuelezwa sababu ya kanuni hiyo, nasi twaiona ndiyo iliyo bora kuliko zote.

Kugusa henzirani pamoja na watu wazima ni jambo la miaka 18. Mwenye miaka 16 au 17 aweza kuruhusiwa, lakini kwa sahihi ya mzazi na baada ya kujaribiwa na wasimamizi. Hapo ndipo penye hatari. Kijana wa umri huo aweza kumzidi baba yake kimo, na watu wakasahau kwamba mifupa yake mirefu ingali na gegedu laini karibu na ncha zake, mahali mfupa unapokulia. Pigo au mzigo ambao kwa mtu mzima huacha kovu tu, kwake huweza kuharibu ukuaji wa kiungo.

Kwa hiyo wakufunzi wenye busara hawaanzi na mpinzani; huanza na nguzo. Jambo hili ni la kale. Mwandishi wa Kirumi Vegetius, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, aliandika jinsi makuruta walivyosimamishwa mbele ya nguzo ya futi sita, asubuhi na alasiri, wakiishambulia kwa upanga wa mti wenye uzito mara mbili ya ule wa vitani. Kijana wa leo hupewa silaha ya uzito wa kawaida, hujifunza kusimama, kugeuza kiuno, kurudisha mkono nyuma ya ngao. Kisha humkabili mtu mzima kwa mwendo wa polepole, pigo moja moja kwa kuhesabu, kama kwata ya kuruta wa wiki ya kwanza. Mwendo huongezwa siku mkufunzi anapoona pigo linasimama pale mpigaji alipolikusudia.

Kofia ya chuma yahitaji neno zaidi, maana huwadanganya wengi. Hulinda fuvu lisipasuke, lakini haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Kijana aliyepigwa kichwani akaona kizunguzungu, akachanganyikiwa au kutapika, huondolewa uwanjani, hapiganani tena siku hiyo hata akiapa kwamba hajambo. Hupelekwa kwa mganga, na akirejea hurejea kwa hatua: kwanza matembezi mepesi, baadaye nguzo, mpinzani mwisho kabisa. Joto nalo ni adui. Deraya ya kilo 20 na zaidi humkausha mtu maji upesi, na kijana huona haya kuomba kupumzika mbele ya wakubwa.

Tena kuna amri moja ambayo kila mtu, awe bingwa au mgeni wa jana, ana haki ya kuitoa: simama! Sauti hiyo ikisikika, wote huganda walipo. Aliyewahi kulenga shabaha uwanjani aielewa.

Lakini jambo lililotuvutia zaidi ni la hukumu. Katika mchezo huu hakuna refa wa kuhesabu mapigo. Kila mmoja hudhaniwa amevaa deraya ya pete za chuma, na aliyepigwa ndiye husema mwenyewe kama pigo lingempenya. Likiwa la mguu, hupigana kwa magoti. Likiwa la kichwa, huanguka na kujihesabu maiti. Kijana asemaye uongo humlazimisha mpinzani kupiga kwa nguvu zaidi, na zaidi tena, mpaka mmoja aumie. Kwa hiyo siku ya kujaribiwa, wasimamizi hawatazami ushindi. Humkabidhi kijana kwa mpiganaji mzoefu, wakangoja apigwe pigo safi, wakasikiliza atakavyosema.

Anayefaulu hukaguliwa deraya yake upya katika kila mkutano. Kofia iliyomkaa vema mwezi wa Januari, kufikia Agosti huenda ikawa imembana, na ukanda wa kidevu haufiki.